Aulizwe Aliyemleta

Nilijua kuna jambo pale mama yake Kasian aliponiambia kwamba kuku amemchinja mwenyewe.

Alilisema kwa furaha, tena bila kuulizwa, huku ananifutia kiti kwa pindo la kitenge chake. "Siku zote nikiwa na mgeni wa kwenu namwita mzee Mansuri, huyo jirani hapo kona, aje anichinjie. Leo nikasema ya nini kumsumbua mzee wa watu? Nimeshika kisu mwenyewe."

Nikatabasamu. Mtu akikutabasamia nawe hutabasamu, hata kama hujaelewa. Huku kwetu, tangu Kasulu mpaka Kakonko, hilo hata mtoto analijua: ukialika Mwislamu, kuku achinjwe na Mwislamu, wote wale, waondoke salama. Hakuna aliyeliandika mahali. Ni heshima tu. Mama wa watu ameifuata heshima hiyo maisha yake yote hapo Kibondo, halafu siku anayokuja mchumba wa mwanawe, Shadia binti Nurudini, ambaye baba yake ana duka la vitenge karibu na msikiti pale Kasulu mjini, ndiyo siku anayoamua kuiacha.

Nikamtazama Kasian. Kasian alikuwa anatazama kalenda ukutani.

Huyu Kasian si mzuri wa kusimamisha magari. Ni mrefu, shati lake halikai vizuri mabegani, ila ana macho yanayosikiliza. Tulikutana katika shule moja ya sekondari Kasulu, yeye mwalimu wa historia, mimi nikijitolea kufundisha baada ya kumaliza uzamili. Walimu wengine waliponiuliza juu ya masomo yangu, waliniuliza nitaacha lini kusoma niolewe. Kasian, nilipomweleza visima vya kale vya ubatizo ninavyovisomea, aliuliza, "Sasa hayo maji yalimfika mtu wapi? Kiunoni au magotini?" Nikasema magotini, kwa vile visima ninavyovijua. Akasema, "Basi hawakuzamishwa wazima wazima. Labda walimwagiwa." Nilikaa usiku kucha nikimfikiria mtu aliyeuliza swali ambalo mwalimu wangu wa chuo alichukua muhula mzima kunifikisha hapo. Mwanamke mwingine hupendwa kwa maua. Mimi nilikamatwa kwa magoti.

Nasomea akiolojia, na ndani ya akiolojia nimejichimbia kwenye kona yangu moja: makanisa ya Wakristo wa mwanzo kule Afrika ya Kaskazini, hasa Tunisia, na ndani ya makanisa hayo, visima vya ubatizo. Vimechimbwa sakafuni, vingine kwa umbo la msalaba, vimepambwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, na vingi vina ngazi pande mbili. Mtu alishukia upande mmoja, akapandia wa pili. Kazi yangu ni kupima ngazi hizo zilivyolika. Jiwe likikanyagwa na miguu ya watu wengi huisha kidogo kidogo, na ukilipima vizuri utajua walishukia wapi, walipandia wapi, walikuwa wengi au wachache. Mpaka sasa nimefanya hayo kwa picha na vipimo vya watu wengine. Mwezi ujao nakwenda huko Tunisia kuanza uzamivu, nivipime kwa mikono yangu mwenyewe.

Watu huniuliza, Mwislamu na makanisa wapi na wapi? Mimi huwajibu kwamba daktari wa meno si lazima naye awe jino.

Mimi na Kasian tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, tutafunga ndoa ya bomani kabla sijasafiri, kila mtu abaki na dini yake. La pili, kila mmoja amwambie mzazi wake ukweli wote, bila kupunguza, bila kupaka sukari. Mimi nilianza. Nilimkuta baba dukani anakunja vitenge nikamwambia jina la mtu, dini ya mtu, na kwamba habadili, nami sibadili.

Baba hakupandisha sauti. Alimaliza kukunja kitenge alichokishika, akakiweka juu ya vingine.

"Shadia," alisema, "umesomea makanisa ya wafu nikanyamaza. Watu wamenisema msikitini, nikawaambia mwacheni, ni elimu. Sasa unaniletea la walio hai."

"Baba, simfuati mtu kwenye dini yake."

"Na yeye haji kwenye yako. Basi mimi hapo nina la kusema?"

"Nataka radhi yako."

"Sina."

Tangu siku ile baba ananiitikia salamu tu, maana kuitikia salamu ni wajibu. Nikisema asalaam aleikum anajibu waaleikum salaam, basi, anarudi kwenye vitenge vyake. Mtu aliyenifundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati. Nimelia mpaka nikachoka, lakini sikujuta, maana nilikuwa sijamdanganya.

Kasian naye alikwenda Kibondo akarudi. "Mama amekubali," aliniambia. "Tena amefurahi. Anataka akuone."

Nilifurahi, na wivu nikaona. Nikasema moyoni, kumbe kuna watu wana wazazi wepesi.

Sasa niko sebuleni kwa huyo mzazi mwepesi, kuku ananukia vizuri kweli, na mchumba wangu anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

"Mama, naomba niongee na Kasian kidogo hapo nje," nikasema.

"Nendeni, nendeni. Lakini msichelewe, wageni wanakuja."

Tukasimama nyuma ya jiko, karibu na migomba. Kulikuwa na baridi ya Kibondo ile inayoingia kwenye mikono ya gauni, nami nilijikunja kwenye mtandio wangu.

"Kasian, umemwambia nini mama yako?"

"Nimemwambia tunaoana."

"Na nini kingine?"

Akanitazama kwa macho yake yale. Siku nyingine yoyote macho yale yangenilainisha. "Shadia, mama ni mjane. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Nilitaka aanze kukupenda kwanza. Mengine tungemweleza polepole."

"Mengine yapi?"

"Baadaye, mpenzi. Nakuomba."

Mlangoni kukaita sauti ya kiume, "Hodi wenyewe," na Kasian akaondoka mbio kwenda kupokea wageni. Sijawahi kuona mtu anayefurahia hodi kiasi kile.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni mzee Ildefonsi, katekista wa kigango chao, mtu mwembamba mwenye koti la suti na viatu vya mpira, amebeba mfuko wa kitabu. Wa pili ni jirani yao, dada Philomena, mwanamke mnene mchangamfu, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kanga. Nikawaamkia. Mzee Ildefonsi akaniitikia marahaba, akanipa mikono yote miwili.

"Karibu sana binti," akasema. "Tumefurahi kuliko unavyojua."

Tukakaa. Mama Kasian akaniketisha karibu naye kwenye kochi, akanishika goti kwa mkono uliokuwa na joto la jikoni. Nilimpenda hapo hapo, nikuambie kweli. Ni mama wa kushika watu magoti.

"Mwana wanje, mwanangu," akaanza, na Kiha chake kikamponyoka kwa furaha, "Kasian alipokuja kuniambia anaoa binti wa Kiislamu, nisikufiche, nililala bila kula. Nikasema Mungu wangu, nimekukosea nini? Lakini aliponieleza habari zako zote, nikacheka peke yangu jikoni."

"Alikueleza nini, mama?"

"Kwamba unasomea ubatizo mpaka Ulaya."

"Tunisia, mama," nikasema. "Ni huku huku Afrika."

"Ego, ndiyo, huko. Kwamba unajua mambo ya Wakristo wa kwanza kuliko hata padri wetu. Kwamba umesoma, umesoma, mpaka moyo umegeuka wenyewe, na kilichobaki ni maji tu." Akamgeukia jirani yake. "Dada Philomena, mwonyeshe."

Dada Philomena akafungua kanga. Ndani kulikuwa na gauni jeupe, la mikono mirefu, limeshonwa vizuri, na ukosi wa lesi. Alilishika mabegani akalinyoosha mbele yangu kama fundi anayepima mteja.

"Mimi ndiye nitakuwa mama yako wa ubatizo," akasema. "Nimekisia kwa picha uliyompelekea Kasian. Naona nimepatia."

"Na jina nimekuchagulia mimi," akasema Mama Kasian. "Skolastika. Kwa sababu unasoma sana."

Ningekuwa mahali pengine ningecheka. Ni jina zuri, limefikiriwa, limetoka moyoni. Mzee Ildefonsi alikuwa ameshatoa kitabu mfukoni, anasema kwa kuwa nasafiri, na kwa kuwa mengi nayajua, ataomba nipewe mafundisho ya haraka, ya wiki chache, padri hatakataa. Gauni lilikuwa bado limenyooshwa mbele yangu. Nikamtafuta Kasian kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, viwiko magotini, anaangalia sakafu.

Sasa nilielewa kila kitu, mpaka kuku. Mimi nimekosana na baba yangu kwa kusema kweli. Yeye amependwa na mama yake kwa kusema uongo, na uongo wenyewe ameutengeneza kwa kazi yangu. Vile visima nilivyomweleza jioni baada ya jioni, na yeye akisikiliza, alivichukua akavimwaga miguuni kwa mama yake ili asilie.

Iliniuma. Sina neno jingine. Iliniuma mpaka masikio yakaziba.

"Mzee Ildefonsi," nikasema, "naomba kuuliza."

"Uliza, binti."

"Mtu akitaka ubatizo hapa kwenu, mnaanzia wapi?"

"Tunaanzia kwake mwenyewe. Anakuja, anaomba."

"Na wewe umenisikia nikiomba?"

Mzee akafunga kitabu, kidole chake akakiacha ndani. "Mimi nililetewa habari kwamba umeomba."

"Na nani?"

Akamtazama Mama Kasian. Mama Kasian akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa bado gotini kwangu, lakini umekuwa mzito.

"Naomba nieleze kidogo ninachokisoma," nikasema. Nilisema taratibu, kama ninavyosema darasani, maana ningeongeza mwendo ningelia. "Zamani, katika makanisa yale ya mwanzo, mtu hakupelekwa kwenye maji haraka. Kuna mahali alifundishwa hata miaka mitatu. Na siku ya kwanza anapofika, walimtazama pia aliyemleta. Huyo ndiye aliyeulizwa. Huyu mtu unamjua? Anaishije? Amekuja kwa hiari yake? Na aliyemleta alishuhudia mbele ya watu wote."

"Ndivyo," akasema mzee Ildefonsi polepole. "Na msimamizi wa ubatizo tuliye naye leo ametoka huko."

"Basi mimi leo nimeletwa. Sikujileta." Nikageuka. "Kasian, umenileta. Shuhudia."

Dada Philomena alishusha gauni kidogo kidogo mpaka likakaa mapajani mwake. Kasian akainua kichwa akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yake, kisha mimi tena. Nikamwombea, wallahi. Nikasema moyoni, sema neno moja tu, mpenzi, hata ukiliharibu, hata ukilia, mimi nitalipokea lilivyo.

Kasian akasema, "Mama, tule kwanza. Chakula kitapoa."

"Tule nini, Kasian?" nikamuuliza.

Alijua. Miaka yote hii tunakula pamoja Kasulu, yeye ndiye anayeuliza hotelini nani amechinja, kabla hata mimi sijafungua mdomo. Wote mle ndani wakageuza macho kuelekea jikoni, hata mzee Ildefonsi.

"Basi umeshashuhudia," nikasema.

Nikasimama. Nikatoa kwenye mkoba doti ya kitenge niliyomletea mama yake. Nilikuwa nimeinunua duka la mtu mwingine, maana dukani kwetu ningeulizwa ni ya nani. Nikamwekea mapajani kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Mama, nisamehe. Sikuja kubatizwa. Nilikuja kukuamkia. Chakula chako nimekipokea moyoni, ila kukila siwezi, na kosa si lako." Nikamgeukia dada Philomena. "Gauni ni zuri sana, dada. Atapatikana mwenyewe."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye michongoma niliposikia kandambili nyuma yangu. Nikadhani ni yeye. Alikuwa mama yake, kitenge changu bado mkononi, hajakiweka hata ndani.

"Mgeni haondoki kwangu bila kusindikizwa," akasema. Hakuwa anatabasamu.

Tukatembea kuelekea stendi. Watu wakimwamkia, "Mwakeye, Mama Kasian," anaitika na kuinama kidogo kama kawaida, na hakuna ambaye angejua.

"Umenidhalilisha mbele ya katekista," akasema baadaye.

"Ni kweli, mama. Naomba radhi."

"Ungeniita pembeni."

"Nilimwita yeye pembeni kwanza. Akaniambia baadaye."

Akaguna. Tukapita watu wanaoanika mihogo. "Baba yako naye aliambiwa kwamba Kasian anasilimu?"

"Hapana. Nilimwambia ukweli."

"Akasemaje?"

"Alikataa. Haongei nami mpaka leo."

"Na ulijua atakataa?"

"Nilijua."

"Hukutamani kumdanganya hata kidogo?"

"Nilitamani sana, mama."

Kisha akacheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha. "Marehemu baba yake alikuwa hivi hivi. Mtu mwema, lakini kusema hapana hawezi. Mbuzi mmoja aliwaahidi watu wa harusi mbili, tena Jumamosi moja. Ikabidi mimi ndiye niende kuwaambia. Nikasema huyu mtoto nitamfundisha. Kumbe sikumfundisha." Akakikunja kitenge vizuri, akakiweka kwapani. "Nikuambie na mimi ukweli, maana naona unaupenda. Mimi mkwe Mwislamu sitaki."

"Nashukuru kwa kuniambia, mama."

"Lakini na mtoto mwongo sitaki pia. Njia ya mwongo ni fupi, nami sitaki kuwa pale inapoishia."

Stendi gari la Kasulu lilikuwa limebakiza viti vya nyuma. Nikalipa nauli, nikaweka mkoba wangu. Nilikuwa namuaga mama wa watu pikipiki ilipoingia kwa fujo, abiria akaruka kabla haijasimama. Kasian. Shati lilikuwa limemchomoka, uso umelowa jasho pamoja na baridi yote ile.

"Nimesema," akasema. "Shadia, nimewaambia. Mzee Ildefonsi na dada Philomena, wote wawili. Nimesema hukuomba ubatizo, hukuniambia popote kwamba unataka, nimetunga mimi. Mama, nimetunga mimi. Nisamehe."

Mama yake alinitazama mimi, kama mtu aliyemwachia mwingine zamu.

Nilimpenda pale pale, na hasira haikupungua hata kijiko. Watu wasiopenda hudhani vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja.

"Umesema baada ya mimi kutoka," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nimekaa mbele yako nakutazama, kwa nini hukusema?"

Akapumua. "Niliogopa. Niliwatazama ninyi wawili, nikaona nikifungua mdomo nampoteza mmoja."

"Ukaamua nipotee mimi."

"Sikuamua hivyo. Nilidhani wewe utaelewa. Wewe ni msomi, Shadia. Nilijua tukitoka nje nitakueleza, utaelewa."

"Hilo ndilo linaloniuma zaidi." Sasa sauti ilikuwa inanitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Kila anayetaka kunikosea ananiambia mimi ni msomi, nitaelewa. Baba asiyesoma anaheshimiwa hasira zake. Mama yako anaheshimiwa machozi yake. Mimi nimesoma, kwa hiyo nisiumie? Na ulichukua kazi yangu, Kasian. Nilikueleza vile visima kwa sababu wewe peke yako uliuliza. Ukavifanya ahadi ambayo sikuitoa."

Alilia. Hakujificha, alisimama katikati ya stendi ya Kibondo, mwalimu mzima, machozi yanamtoka. Mwenye pikipiki akageuza macho kwa adabu.

"Nifanye nini?" akauliza. "Niambie, nitafanya."

"Sitaki kukuambia. Ukifanya kwa kuambiwa itakuwa ni kunifurahisha mimi, kama ulivyomfurahisha mama."

"Basi niambie kama bado kuna la kufanya."

Kondakta akaita abiria wa mwisho. Nikamtazama yule mtu. Nilikumbuka nilivyosafiri asubuhi ile yote nikiwa na furaha, nikipanga jinsi nitakavyomwita mama yake. Ningeweza kuingia garini bila kusema neno, na mwezi ujao nikawa Tunisia, na mambo yakaishia hapo. Haki hiyo nilikuwa nayo.

"Katika jambo hili lote," nikasema, "kuna mtu mmoja ambaye bado hajadanganywa. Yuko Kasulu anauza vitenge. Wewe hujawahi kuingia duka lile, hata siku ya mvua. Ukitaka, nenda. Mwambie jina lako, dini yako, kwamba hubadili, na binti yake habadili, na kwamba unampenda. Nenda peke yako. Mimi sitakuwepo, na sitamwambia kwamba unakuja."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza."

"Na akinifukuza?"

"Utakuwa umefukuzwa kwa ajili ya ukweli. Mimi nilishafukuzwa hivyo hivyo. Tutakuwa wawili."

Hakujibu haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilifurahi kwamba hakujibu haraka. Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Kesho," akasema.

Nikapanda. Nikakaa dirishani nyuma, na kioo kilikuwa hakifungi, kwa hiyo niliwasikia vizuri. Walisimama mama na mwana bila kutazamana. Dereva akawasha gari.

"Una shati la kuendea huko?" akauliza Mama Kasian.

"Lipo, mama. La bluu."

"Limepigwa pasi?"

"Bado."

Akasogea mpaka dirishani kwangu, akaweka mkono juu ya kioo. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Sijakubali," akaniambia. "Ujue hivyo. Lakini mwanangu hataingia dukani kwa mzee wa watu na shati lililokunjamana."